Nyonga imevunjika, familia inachangia kopo

Tanga mzee akianguka akavunjika nyonga, kabla hata hujajua daktari kasema nini watu watakuuliza mambo mawili. La kwanza, supu ya kongoro mmeshaanza kumpa? La pili, na hili ni la siku hizi, kopo mmenunua? Kopo ni yale maziwa ya unga ya watu wazima, ya vanila, yanayokaa rafu ya juu kabisa nyuma ya muuza famasi, ukiuliza bei unajikuta unauliza tena kama kuna dogo.

Alipovunjika shangazi yetu sisi yote mawili tuliyafanya, na grupu la WhatsApp la familia likageuka kamati ya kopo. Binamu wa Dar kachangia, wa Muscat katuma, wa Mombasa anasema kwao kuna jingine zuri zaidi. Mimi sina ugomvi na kopo jamani. Ila nimekaa na hili suala muda wa kutosha sasa, nimesoma nilivyoweza, nimeuliza madaktari na watu wa lishe mpaka wamenichoka, na ninachokiona ni kwamba hela zetu na kelele zetu zote zinaishia kwenye kopo, wakati kinachommaliza mgonjwa ni kukosa mtu wa kuhakikisha chakula kimeingia mdomoni. Chochote kile, cha kopo au cha sufuria.

Nyonga yenyewe kwanza. Tunasema nyonga imevunjika lakini mara nyingi kilichovunjika ni shingo ya mfupa wa paja, pale juu unapoingilia kwenye nyonga. Kijana mpaka agongwe na bodaboda ndio apate hiyo. Mzee, hasa mwanamke ambaye hedhi ilishakoma miaka mingi nyuma na mifupa imekuwa ikipungua kwa ndani bila dalili yoyote, anaanguka kwa urefu wake tu, basi. Shangazi aliteleza uani alfajiri akienda kutawadha, sakafu ya saruji, ndala zimelika. Na nyumba za namna hiyo Ngamiani ndio zote, uani, choo upande wa pili, taa ipo ila swichi iko mbali, siku hizi nikipita zile barabara nikaona bibi anavuka uani kashika birika moyo unanilipuka.

Ni ajali kubwa kuliko watu wanavyoichukulia. Hata huko kwenye hospitali zenye kila kitu, Ulaya na Marekani, takwimu zinaonyesha kati ya wazee wanaovunjika hivi, mmoja kati ya watano mpaka mmoja kati ya watatu hamalizi mwaka. Na mara nyingi mfupa hata hauhusiki na kifo chenyewe. Ni nimonia, ni damu kuganda, ni vidonda vya kulalia, ni mwili ulioishiwa akiba. Na wanaobaki hai wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Akiba hiyo ndio habari yenyewe. Mzee wa kuvunjika nyonga mara nyingi ameshakonda kabla hajaanguka, ila nani anaona, mtu wa dera na kanga mbili utamwona wapi kakonda. Asubuhi chai ya rangi na kipande cha mkate, mchana wali kidogo na mchuzi, finyango anamwekea mjukuu, usiku "mie sina njaa, nyie kuleni". Watu wanasema ndio uzee huo. Kumbe misuli inaliwa pole pole, na mwenye misuli michache ndiye anayeteleza akashindwa kujizuia, na akishaanguka nyama ya kumkinga pajani haipo.

Halafu anafika hospitali na njaa inaanzia hapo sasa. Ameambiwa asile, anaingia tieta asubuhi. Asubuhi inafika, kuna kesi ya dharura imeingia, anaambiwa mpaka kesho. Kesho vile vile. Sisemi hospitali gani, na wala siwalaumu, ajali za barabarani zinavyoingia pale kila mtu anaona. Lakini jambo moja ndugu wa mgonjwa walijue: utaratibu wa kawaida wa dawa za usingizi unataka chakula kizito kisimame masaa 6 kabla, na maji matupu masaa 2 kabla. Kwa hiyo upasuaji ukiahirishwa, hapo hapo mfuateni nesi mwulizeni kwa adabu, "Samahani sista, maadamu haingii leo, tunaweza kumpa kitu ale?" Mara nyingi jibu ni ndio, ila hakuna aliyekumbuka kuja kuwaambia, na mzee kalala na njaa toka jana magharibi.

Baada ya upasuaji hamu ndio inaondoka kabisa. Dawa za maumivu zile kali zinafunga choo na kuleta kichefuchefu. Wengine wanaanza kuweweseka usiku, anakuita jina la marehemu dada yake, anakataa uji anasema mmeweka kitu, na hapo familia inaanza kwenda kwa mganga, wakati kuchanganyikiwa kwa namna hiyo ni jambo linalojulikana sana kwa wazee waliotoka upasuaji, na kukaukiwa maji na kufunga choo kunakuzidisha. Huku mwili wenyewe uko vitani, unaunguza misuli ili upate malighafi ya kuponyea kidonda. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007, walichukua watu wazima 12 wenye afya zao, wastani wa miaka 67, wakawalaza kitandani siku 10 tu, hawana ugonjwa wowote, na chakula wanakula. Wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguuni. Siku kumi! Sasa shangazi wa kilo 45 aliyevunjika, aliyepasuliwa, asiyekula, hesabu mwenyewe.

Sasa turudi kwenye kopo maana najua ndio mnalolisubiri.

Yamefanyika majaribio mengi tu ya kuwapa wazee waliovunjika nyonga vinywaji vya lishe. Geneva mwaka 1990 walichukua wagonjwa 59, nusu wakawa wanapewa kila siku robo lita ya kinywaji chenye gramu 20 za protini kwa karibu mwezi mzima, na waliopewa wakapata matatizo machache kuliko wenzao. Ni utafiti mdogo lakini ndio uliowaamsha wengi. Baadaye Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya dunia nzima na kuyapima, wakatoa mapitio mwaka 2016, majaribio 41, watu 3,881. Walichokikuta, kwa kifupi: vinywaji vyenye kalori, protini na vitamini kwa pamoja, vikianzwa kabla au mara baada ya upasuaji, huenda vinapunguza matatizo kama maambukizi na vidonda vya kulalia. Kupunguza vifo, haikuonekana wazi. Na wakasema bila kuficha kwamba mengi ya majaribio hayo hayakufanywa vizuri kivile, kwa hiyo mtu asiape.

Chama cha lishe ya wagonjwa cha Ulaya, ESPEN, wao wanashauri mzee aliyepasuliwa nyonga apewe vinywaji hivyo hata kama hakuwa amekonda. Ila wanataka vimpe angalau kalori 400 na protini gramu 30 kwa siku, juu ya chakula chake, na viendelee angalau mwezi. Sasa nenda kamwangalie bibi yako anavyopewa. Kijiko kimoja kwenye kikombe kikubwa cha maji, "ili lifike mwisho wa mwezi". Nimeona kwa macho yangu, kwenye nyumba zaidi ya moja, kinywaji cheupe kama maji yaliyooshea mchele, mgonjwa anakunywa anashiba maji, chakula cha mchana anakataa. Hapo kopo limemletea hasara. Nyuma ya kopo pameandikwa vijiko vingapi kwa maji kiasi gani, kama hela haitoshi kulikoroga inavyotakiwa basi hiyo hela mnunulie mayai, nisikilizeni mimi.

Lakini utafiti ulionikamata shati ni wa Cardiff, kule Wales, uliotoka 2006. Hawa hawakuleta kinywaji kipya. Walileta mtu. Wadi ya mifupa, wanawake zaidi ya 300 wa miaka 65 na kuendelea, wote wamevunjika nyonga. Nusu wakapata huduma ya kawaida ya wadi, nusu wakaongezewa wahudumu wa lishe, si madaktari hawa, ni wasaidizi tu, kazi yao kumsogezea mgonjwa sahani, kumkalisha vizuri, kumuuliza anapenda nini, kumkatia nyama, kumhimiza, kumlisha akishindwa, kuhakikisha kile kinywaji cha lishe kimenyweka hakijabaki kwenye kabati. Basi. Waliokuwa na msaidizi walikula wastani wa kalori 1,105 kwa siku, wasiokuwa naye 756. Ukiangalia, hata hao wa kwanza hawajafika pale panapotakiwa, maana kwa mzee huwa wanapigia hesabu karibu kalori 30 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 45 anahitaji kama 1,350. Hata hivyo vifo ndani ya wadi vikawa asilimia 4.1 kwa waliokuwa na msaidizi na 10.1 kwa wasiokuwa naye. Miezi minne mbele, 13.1 kwa 22.9.

Niliposoma nilirudia mara mbili. Uingereza huko, chakula kipo, vinywaji vipo bure, na bado watu walikuwa wanafia njaa katikati ya trei, kwa kukosa mtu wa kuwakalia pembeni.

Sisi huku mtu tunaye. Ndio utajiri wetu, mgonjwa mmoja ndugu kumi na wawili mlangoni. Ila tunautumiaje? Tunakuja saa ya kuona wagonjwa, wote kwa mpigo, kila mmoja na hotipoti yake, tunasimama miguuni pa kitanda tunampa pole, tunaongea na wagonjwa wa jirani, muda unaisha, hotipoti zinapangwa juu ya kabati, "shangazi utakula eeh?" Anajibu nitakula. Hafikii. Amelala chali, kabati liko nyuma ya bega, mfuniko wa hotipoti mpya umekaza hata mimi naufungua kwa nguvu. Mke wa mjomba ndiye aliyetuokoa, mwanamke mkimya hana habari na grupu wala nini, siku moja kabaki wakati sisi tumeondoka akaona kumbe meno ya bandia ya shangazi yamefungwa kwenye leso ndani ya mkoba tangu siku ya kupokelewa, na miwani nayo humo humo. Mtu anapelekewa ndizi nyama hana meno! Na haya kusema hawezi, kwa sababu waliomletea ni wakwe.

Tokea hapo zikapangwa zamu. Zamu ya kulisha, si ya kutembelea. Anakuja mmoja, anamkalisha wima au nusu wima kitanda kikiinuliwa, meno ndani, miwani usoni, bismillah. Kikombe kidogo, kile cha kahawa cha wauza kahawa wetu, kwa sababu ukimletea bakuli kubwa anashiba kwa kuliangalia. Vikombe vitatu vidogo katika nusu saa vinakwenda bila yeye kujua. Na maongezi, jamani, maongezi yanalisha. Akianza kusimulia enzi za mkonge, treni, nani alimuoa nani Chumbageni, mkono wa kijiko unafanya kazi yake.

"Leo mmeniletea nini tena?"

"Uji, shangazi."

"Uji, uji, mie ndio mtoto mchanga?"

"Una yai ndani na maziwa. Onja tu."

"Hebu. ...Sukari mmeninyima."

Sasa protini, hapa nataka tuende kwa hesabu maana ndio watu wanapopigwa. Wataalamu wanasema mzee mgonjwa anahitaji kama gramu 1.2 mpaka 1.5 za protini kwa kila kilo yake kwa siku. Kilo 45, ni gramu 54 mpaka 68. Sasa tuingie jikoni. Yai moja lina kama 6, mayai mawili 12. Glasi mbili za maziwa, za robo lita kila moja, kama 16. Kipande cha samaki cha gramu mia bila miba, 20. Maharage nusu kikombe, 7. Karanga kiganja kimoja, iwe imesagwa kwenye uji kwa asiye na meno, 7. Jumla 62. Tumefika, na kopo hatujaligusa.

Na hapa ni Tanga. Maziwa tunayo, mji huu ng'ombe wa maziwa wanafugwa mpaka mitaani, mtindi wa Tanga Fresh unauzwa kila duka, samaki soko la Deep Sea asubuhi, dagaa mchele soko la Mgandini. Dagaa huyo mkavu ukimsafisha ukamkaanga bila mafuta ukamsaga unga laini, kijiko cha chakula kimoja kwenye mchuzi au mboga kinampa kama gramu 5 nyingine, na kwa sababu analiwa na mifupa yake yote, kalsiamu ipo humo pia. Harufu? Ndio, inabidi ufiche na ndimu na tangawizi. Na kama ana presha umwoshe chumvi kwanza. Tui la nazi lenyewe halina protini ya maana lakini ni mafuta, kalori nyingi mahali padogo, kwa mtu anayekula vijiko vinne kwa siku kila kijiko kiwe kimebeba mzigo. Uji wa maji na sukari ni nafasi iliyopotea tumboni.

Supu ya kongoro, nisamehewe na wazee wangu, haiungi mfupa. Ile inayoganda kama jeli ikipoa ni jelatini, nayo ni protini yenye kasoro, imekosa kabisa triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na kalsiamu inayotoka mfupani kuingia kwenye supu ni kidogo mno. Inachangamsha, inaongeza maji mwilini, inaleta hamu, hayo yote ni mazuri, mpe. Ila mpe na kitu, usimpe bakuli la supu likawa ndio mlo. Rozela na bitiruti za "kuongeza damu" nazo ni habari hiyo hiyo, akipoteza damu kwenye upasuaji apimwe, dawa za madini ya chuma zipo, na asizinywee na chai maana chai inazuia.

Unga wa lishe wa kuchanganya nafaka kumi na mbili nao una mambo yake. Wingi wa nafaka si wingi wa lishe, na karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yana sumukuvu, sumu ya ukungu, hii si hadithi, mwaka 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara. Nunua karanga unazoziona, chambua mwenyewe, zilizosinyaa na zenye ukungu tupa, saga kidogo kidogo.

Kopo lina nafasi yake wapi basi? Pale ambapo mgonjwa kwa siku kadhaa hafikishi hata nusu ya sahani. Pale ambapo nyumbani mchana hakuna wa kupika. Au anapata shida ya kutafuna. Hapo nunua, koroga kwa kipimo, na mpe katikati ya milo au usiku akienda kulala, sio nusu saa kabla ya chakula. Kama ni mgonjwa wa sukari uliza kwanza, yapo yaliyotengenezwa kwa ajili yao, ya kawaida mengi yana sukari. Kama figo zina shida, hesabu yangu ya protini hapo juu iweke pembeni kabisa mpaka daktari aseme, sitaki mtu aje kunilaumu. Na kama kila akinywa anakohoa au sauti inakuwa ya majimaji, acheni kumimina, huyo anapaliwa, inaingia kifuani, mwambieni daktari siku hiyo hiyo.

Vitamini D na kalsiamu. Watu wanashangaa, Tanga jua hili mtu atakosaje vitamini D? Anakosa. Anashinda ndani, akitoka yuko ndani ya buibui, na ngozi ya mzee hata ikipata jua inatengeneza kidogo kuliko ya kijana. Kukaa uani asubuhi mikono na miguu wazi kunasaidia. Dozi inayoshauriwa sana ya vidonge ni uniti 800 kwa siku pamoja na kalsiamu kama ya kwenye chakula haitoshi. Lakini kuna mtindo wa kutaka "sindano moja ya nguvu imalize mwaka", huo uwe mbali na wazee wenu. Australia walijaribu, matokeo yakatoka 2010, wanawake zaidi ya 2,200 wa miaka 70 kwenda juu, nusu yao uniti 500,000 kwa mkupuo mara moja kwa mwaka. Waliopewa vitamini ndio walioanguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu kisicho na vitamini. Nani angedhani.

Halafu kuna dawa za mfupa wenyewe, ambazo kwenye grupu letu hakuna aliyezitaja hata mara moja kwa sababu hakuna shemeji anayeziuza. Zipo za vidonge, na ipo ya dripu ya mara moja kwa mwaka, zoledroniki asidi. Jaribio la 2007 kwa watu 2,127 waliokwisha kutengenezwa nyonga lilionyesha inapunguza kuvunjika tena kwa asilimia 35 na vifo kwa 28, na wote walipewa vitamini D na kalsiamu pia. Inataka figo zipimwe kwanza. Ulizeni kliniki mnaporudi, jibu linaweza kuwa haimfai au haipo, ila ulizeni, maana aliyevunjika nyonga moja ana ya pili.

Wauza kolajeni wa kwenye status siwasemi sana. Akikuletea boksi lenye picha ya goti linawaka moto, tafuta kama limesajiliwa, dawa ni kwa mamlaka ya dawa, TMDA, vyakula tangu 2019 viko shirika la viwango, TBS. Akisema linatibu nyonga, sukari, presha na nguvu za kiume kwa pamoja, mpe maji ya kunywa umsindikize mlangoni.

Kitu ambacho hakiuzwi ni kumsimamisha. Protini bila kutembea haijengi msuli. Mtu wa mazoezi alimtaka shangazi akae kitini siku ya pili tu na kushika woka, kile kifaa cha kushikilia ukitembea, sisi tukawa tunapiga kelele muacheni apone kwanza, yule kijana akatuambia akilala ndio haponi. Analia, anasimama. Anakaa, anakunywa maziwa. Ikawa ndio ratiba, hatua kidogo halafu kikombe, na njaa ikaanza kurudi yenyewe. Choo nacho kikafunguka, papai, maji, na daktari kampa dawa ya kulainisha, kwa sababu mtu aliyefunga choo wiki nzima usimlaumu kukataa wali.

Ramadhani ikatukuta katikati ya hayo, na shangazi anataka kufunga. Hapo hata daktari hakusikilizwa. Alikuja ustadhi wa mtaani, kijana mdogo kwake, akamwamkia shikamoo, akamsomea kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula, na asiyetarajia kuweza tena analisha maskini kwa kila siku. Akanung'unika, akakubali kwa sharti kwamba asilishwe mbele za watu. Tukafunga pazia. Daku sisi tulikuwa tunakula naye, na nakwambia ule mwezi alikula vizuri kuliko miezi yote, kwa sababu saa kumi alfajiri nyumba nzima iko macho na futari kila jirani analeta chake, viazi vya nazi, tambi, maharage, samaki wa kupaka.

Sasa hivi anafika barazani na woka, anashuka ngazi moja akishikwa. Tunampima uzito kila mwezi kwenye mzani wa duka la dawa la jirani, akishuka tunaulizana nani karuka zamu. Grupu la familia limegeuza mchango, badala ya kopo analipwa binti wa kuja saa sita mpaka saa tisa mchana, apike, wale pamoja, aoshe vyombo, amtembeze uani, na sakafu ya uani ilishachimbuliwa ikawekwa ya kukwaruza na bomba la kushikilia mpaka chooni.

Alhamisi tu ndio imekuwa shida, binti ana masomo yake, mimi niko kazini, wifi yangu ana kikoba. Anayebaki ni mjukuu wa darasa la sita akitoka shule, na yule mtoto kaja kushtaki kwamba bibi kila akipewa samaki anamlazimisha ale yeye kwanza, eti "wewe ndio unakua". Kwa hiyo Alhamisi zinapakuliwa sahani mbili, ya mtoto analetewa mbele ya macho ya bibi, na ina kipande kikubwa kuliko chake, ndio anakubali kuanza.